Algiers Wameandika Majina, Sisi Je?

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba tembea uone. Nami nimetembea, nikaona, na sasa naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu. Sina nia ya kuandika insha ya "Safari Nitakayoikumbuka Daima." Insha hizo tumeziandika tangu shule ya msingi, na zote huisha kwa kurudi nyumbani salama salimini. Leo nina lawama, na katika hao ninaowalaumu mimi mwenyewe nimo.

Wenzangu wa darasani wanajua kwamba mwanzoni mwa muhula wa tatu sikuonekana kwa siku kumi na moja, na wale walioniazima madaftari yao nawashukuru sana. Nilikuwa Algiers, mji mkuu wa Algeria. Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo, na kikundi hicho kilipata kibanda katika Maonyesho ya Biashara baina ya Nchi za Afrika yaliyofanyika huko kuanzia tarehe 4 hadi 10 Septemba 2025. Kule watu huzungumza Kiarabu, Kiberberi na Kifaransa. Kwa kuwa mimi nasoma Kifaransa hapa shuleni, mama alimwendea mwalimu mkuu kuniombea ruhusa niwe mkalimani wake. Mwalimu wangu wa Kifaransa aliposikia alicheka. Baada ya siku mbili nilikielewa kicheko kile. Mtu anayetaka kupunguziwa bei ya kiondo haongei kama kitabu cha mazoezi, jamani!

Tulibadilisha ndege Cairo, tukatua Algiers jioni. Kwa kalenda ya watu wa kaskazini mwa dunia, Septemba ni mwanzo wa majira ya majani kupukutika. Mimi sikuona hata jani moja likipukutika. Joto lilikuwa kama la Mombasa mwezi wa Februari, na vijana walikuwa bado wanajirusha baharini mawimbi yakiwapokea. Mji wenyewe umejengwa juu ya mteremko unaoitazama Bahari ya Mediterania, hivi kwamba kila uendako ama unapanda ama unashuka. Majumba ya enzi ya Wafaransa ni meupe pe, na madirisha na vyuma vya roshani vimepakwa rangi ya bluu. Barabarani wachuuzi huuza matunda ya dungusi kakati, yenye miiba iliyojificha. Muuzaji hukumenyea kwa kisu, nawe unakula papo hapo bila kuligusa ganda. Mama alikula manane. Alisema ni dhambi kwamba watu wa Laikipia wana mimea hiyo tele na huiona balaa tu. (Mimea hiyo ni balaa kweli kwa mifugo, lakini si juu yangu kubishana na mama.)

Wanachama wa Chama cha Kiswahili mtafurahi kusikia kwamba sikuwa bubu kabisa. Wakisema suk, nami najua soko. Wakisema bahr, naiona bahari. Wakikushukuru husema saha, maana yake afya, nasi tunalo neno siha. Mzee mmoja aliniita "benti" nami nikaitika kabla ya kufikiri, kwani binti si mimi? Samaki ndio walionishinda. Nilitamka "samak" kwa madaha yote, muuzaji akanitazama kama aliyepotea njia. Kumbe pale Algiers samaki ni hut.

Neno lililonikaa rohoni ni shahidi. Neno hili utalikuta kila mahali mjini humo. Chini ya mtaa wa kale uitwao Casbah kuna Uwanja wa Mashahidi, na juu ya kilima kuna mnara unaoitwa Maqam Echahid, yaani Mahali pa Shahidi. Sisi tukisema shahidi, mara nyingi tunamfikiria mtu aliyesimama mahakamani aeleze alichokiona. Wao humaanisha aliyekufa akiipigania nchi. Lakini Kiswahili hakikuiacha maana hiyo ya pili. Ndiyo sababu wale waumini waliouawa Namugongo tunawaita Mashahidi wa Uganda. Shahidi ni aliyeona, na shahidi ni aliyekufa. Niliwaza jambo hilo siku zote nilizokuwa kule, na bado naliwaza.

Dada mmoja Mkenya anayesomea huko kwa ufadhili wa serikali ya Algeria alijitolea kututembeza siku ambayo zamu ya kibandani haikuwa ya mama. Alitupeleka kwenye mnara kwa lile gari dogo linaloning'inia kwenye waya, kutoka chini karibu na Bustani ya Hamma hadi kileleni. Mama alishika chuma kwa mikono miwili, akafumba macho, akaniamuru nimweleze kila anachokikosa. Mnara wenyewe ni makuti matatu makubwa ya saruji yaliyosimama yakiegemeana, urefu wake unapita mita 90. Ulifunguliwa mwaka wa 1982, miaka 20 baada ya uhuru. Chini yake kuna makumbusho ya vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 1 Novemba 1954 na kwisha mwaka wa 1962. Waalgeria husema mashahidi wao walikuwa milioni moja na nusu. Hata wanahistoria wanaotaja hesabu ndogo kuliko hiyo husema mamia ya maelfu.

Basi tuliposhuka mjini, dada alituonyesha barabara kubwa yenye maduka ya nguo na viatu na watu wengi kama Nairobi siku ya Jumamosi. Inaitwa Larbi Ben M'hidi. Zamani za Wafaransa iliitwa Isly, kwa heshima ya vita ambavyo jenerali wao alishinda mwaka wa 1844. Nikauliza, Ben M'hidi ni nani? Nilipojibiwa, mwili ulinisisimka.

Hebu linganisheni tarehe. Dedan Kimathi alinyongwa na Waingereza Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Tarehe 23 mwezi huo huo, siku tano tu baadaye, askari wa Ufaransa walimkamata Larbi Ben M'hidi mjini Algiers. Mapema mwezi wa Machi alikuwa maiti. Wafaransa walitangaza kwamba amejinyonga mwenyewe. Mwaka wa 2001 afisa wao mmoja, Paul Aussaresses, alikiri katika kitabu chake kwamba yeye na watu wake ndio waliomuua. Serikali ya Ufaransa yenyewe ilikiri rasmi tarehe 1 Novemba 2024, Rais Macron akiwa madarakani. Hesabu miaka: 67!

Kimathi naye ana barabara Nairobi, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Hardinge. Ana sanamu pia, iliyofunuliwa mwaka wa 2007, bunduki mkononi. Mimi nimekutana na rafiki zangu pale chini ya sanamu mara nyingi. "Tuonane Kimathi saa nne." Naam, nimekaa pale nikila chipsi nikisubiri watu, na sikuwahi kusoma kilichoandikwa. Ilinibidi nipande ndege mbili na kuvuka jangwa la Sahara ili niaibike.

Tena Ben M'hidi ana kaburi lake, katika makaburi ya El Alia pale pale Algiers. Mwaka wa 2020 Waalgeria walirudishiwa kutoka Paris mafuvu 24 ya wapiganaji wao wa karne ya kumi na tisa, wakayazika El Alia tarehe 5 Julai, siku yao ya uhuru. Sisi kaburi la Kimathi hatulijui lilipo. Tunajua kwamba alizikwa gerezani Kamiti, basi. Mjane wake, Mama Mukami Kimathi, aliililia mifupa ya mumewe miaka nenda miaka rudi, na alifariki Mei 2023 bila kuizika.

Tulipanda Casbah. Vichochoro vyake ni ngazi tupu na ni vyembamba, ukuta huu na ule unaweza kuvigusa kwa mikono yote miwili. Shirika la UNESCO liliutambua mtaa huo kuwa urithi wa dunia mwaka wa 1992, lakini nyumba nyingi zimechoka na nyingine zimeshikiliwa na magogo zisianguke. Humo ndimo wapiganaji walimojificha. Tulifika mahali ilipokuwa nyumba ambayo Wafaransa waliilipua usiku wa tarehe 8 Oktoba 1957. Ndani yake, nyuma ya ukuta wa uongo, walikuwamo watu wanne: Ali la Pointe, Hassiba Ben Bouali, Mahmoud Bouhamidi na mtoto aliyeitwa Omar Mdogo. Majirani kadhaa walikufa nao, watoto wakiwamo. Hassiba alikuwa na miaka 19. Omar alikuwa na miaka 13, na kazi yake ilikuwa kupeleka barua. Ninyi wa kidato cha kwanza mnaolia usiku wa kwanza bwenini, mfikirieni Omar. (Nami nililia, nakiri.)

Hapo ndipo yule mzee aliyeniita "benti" alipotukuta. Alikuwa ameketi mlangoni. Dada alipomwambia tumetoka Kenya, alisema neno moja tu, "Mau Mau," akainua ngumi. Sijui umri wake, lakini vita vilipokwisha lazima alikuwa kijana. Mzee wa Casbah anajua Mau Mau. Sasa niambie, katika darasa letu, ni wangapi wangejua Ben M'hidi? Afadhali hiyo. Ni wangapi wanaweza kutaja wapiganaji watano wa Mau Mau bila kufungua kitabu?

Msomaji, usidhani nimerudi nikiwa mlevi wa sifa za Algiers. Nilikasirika pia. Pale karibu na uwanja wenye sanamu ya Emir Abdelkader palikuwa na mkahawa ulioitwa Milk Bar. Tarehe 30 Septemba 1956, msichana wa chama cha ukombozi aliacha bomu mle ndani, na miongoni mwa walioumia walikuwamo watoto waliokwenda kula aiskrimu. Nilijiuliza ingekuwa mimi ningelia upande upi. Kwenye mnara maswali kama hayo hayana nafasi. Kila mtu ni shujaa, na saruji haina shaka.

Kisha kuna wale ambao hawakuandikwa kabisa. Waalgeria wengi walipigana upande wa Wafaransa, wakaitwa harki. Neno hilo limetokana na Kiarabu haraka, maana yake mwendo, ndilo hilo lililotupa sisi haraka na harakati. Mwaka wa 1962 Wafaransa walipoondoka waliwaacha wengi wao, na maelfu waliuawa kwa kisasi. Waliofika Ufaransa walifungiwa kambini. Hata mle Casbah, Wafaransa waliwageuza baadhi ya mateka wakawavisha nguo za bluu za mafundi na kuwarudisha vichochoroni kuwatambua wenzao. Nilimwuliza yule dada kama makumbusho yanawataja. Akaniambia, "Mdogo wangu, hilo usiliulize kwa sauti kubwa."

Na sisi tulikuwa na mahomugadi. Tulikuwa na wale waliovaa magunia kichwani, macho tu yakionekana, wakitikisa kichwa mbele ya foleni ya watu: huyu ndiye, huyu siye. Tulikuwa na Lari, tarehe 26 Machi 1953, ambapo wapiganaji walizichoma nyumba za majirani zao zikiwa na watu ndani, kisha kikaja kisasi cha upande wa pili. Serikali ya kikoloni ilinyonga watu zaidi ya elfu moja. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Haya yote yalitokea katika vilima hivi hivi tunavyovitazama kutoka madirisha ya bweni.

Sasa lawama yangu. Mwaka jana shule ilitupeleka Mombasa kwa ziara ya historia. Tuliona Fort Jesus, tukaona ngamia, tukaona bahari. Tulipokuwa njiani, kati ya Mtito Andei na Voi, basi letu lilipita Manyani. Wakati wa Hali ya Hatari, Manyani ilikuwa kambi kubwa ya mateka, maelfu kwa maelfu walikaa pale kwenye joto na vumbi. Leo ni gereza. Hakuna mwalimu aliyesema neno, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza. Tulikuwa tunaimba. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza wimbo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nawaonea wengine.

Kuna mwenzangu, mtaalamu wa midahalo, aliyenijibu kwamba hayo ni mambo ya kale, yako katika kitabu cha Historia, yasomwe wakati wa mtihani na kusahauliwa. Eti kufukua mambo hayo kutaleta uhasama. Namheshimu, lakini nauliza: wazee wetu walipokwenda mahakama ya London kudai fidia, walishinda kwa nini? Walisimama wakasema waliyofanyiwa. Mafaili yaliyofichwa Uingereza yalijitokeza mwaka wa 2011, lakini bila wazee wale nani angeyatafuta? Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9. Gawanyeni wenyewe muone kila mmoja alipata kiasi gani. Si utajiri. Hata hivyo walisikilizwa, wakiwa na miaka themanini na tisini, na kila mwaka unaopita wanapungua. Walimu wetu wapendwa, mwakani basi lisimame Manyani, hata kama ni kando ya barabara kwa dakika kumi. Na ninyi wanachama, badala ya kukariri methali mia tatu kwa ajili ya mashindano, likizo ya Desemba kila mmoja akae na mzee wake na daftari.

Mimi nilianza mapema, wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula. Shosho yangu mzaa mama ana miaka 83. Alikuwa na miaka 12 walipotiwa katika kile kijiji cha seng'enge. Maisha yangu yote nimemsikia akisema neno moja kuhusu wakati ule: "Tulikuwa kijijini." Halafu anauliza kama tumekula.

Nilimpelekea tende kutoka Algiers. Nikamweleza kuhusu mnara, na Omar Mdogo, na barabara ya Ben M'hidi. Alisikiliza huku akitafuna. Nikajipa moyo.

"Shosho, baba yako alipelekwa wapi?"

"Manyani."

"Nani alimwonyesha kwa askari?"

Alitema kokwa kiganjani, akaitazama kwa muda. "Huko ulikokwenda," akasema, "wamewaandika wale waliokuwa wakionyesha wenzao?"

"La, shosho. Wamewaandika waliokufa."

"Hata walioonyesha walikufa," akasema.

Kisha akanituma nikaufunge mlango wa nje, ingawa uani hapakuwa na mtu, akaniambia nichukue kalamu. Nimejaza kurasa sita za daftari la Kifaransa, maana ndilo lililokuwa karibu. Mama amenikataza nisiyachapishe majina humu, kwa kuwa mojawapo ni la ukoo ambao tunaketi nao benchi moja kanisani, nami nimemtii. Daftari liko sandukuni mwangu bwenini, limefungwa kwa kufuli. Mwalimu wa Kifaransa ameshaliulizia mara mbili.